Vara Sitini za Ukuta

Nandaime, 14 Machi 1999

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba baraka yako kwanza, habari baadaye. Huku tu wazima, mama na mimi, na kuku pia ni wazima, isipokuwa wale wawili ambao nguruwe wa Mzee Wilfredo waliwawahi Jumapili tukiwa kanisani. Mama alimfuata Mzee Wilfredo mpaka mlangoni kwake. Alimwambia, "Jirani, nguruwe wako wanakula vizuri kuliko mimi." Mzee akajibu, "Basi jenga ukuta, Socorro, si una mume Kosta Rika?" Mama akasema, "Nina mume Kosta Rika kama wewe ulivyo na meno." Watu walicheka mtaa mzima. Mimi nilirudi ndani kwa aibu.

Barua yako ya Januari aliileta Chepe, utingo wa basi. Nilipoifungua nilidhani imekosewa anwani, maana mwandiko ulikuwa umenyooka kama wa kitabuni. Nikasoma mpaka mwisho ndipo nikaelewa kwamba tofali lilikuangukia vidole, mkono umefungwa bendeji, na aliyeandika ni Greivin, mtoto wa Bi Marlene unayeishi naye. Mshukuru kwa niaba yangu. Lakini mkono ukifunguliwa tu, naomba uniandikie mwenyewe. Nimezoea herufi zako zinazolala upande kama mahindi yaliyopigwa na mvua.

Sasa kuhusu ukuta. Uliniahidi nilipotimiza miaka kumi na tano: vifaa vikiwepo, unakuja kwa sikukuu ya Purísima, ya Bikira Maria, mwezi Desemba, tunausimamisha sisi wawili, wewe fundi na mimi saidia fundi. Nimeshafika kumi na sita. Kwa hiyo nimepiga hesabu mwenyewe. Mipaka mitatu ukiijumlisha ni 60 v., kwenda juu mita mbili, yaani kozi kumi, safu kumi za matofali. Nimepata matofali 1,254. Nikaongeza matano kwa kila mia kwa ajili ya yatakayovunjika njiani: 1,317. Saruji ya kuunganishia, nikihesabu mfuko mmoja kwa matofali kama arobaini, ni mifuko 33. Msingi, nondo na nguzo za kila mita tatu nimeviandika kwenye karatasi ya pili. Hesabu yenyewe imo daftarini, ni ndefu, sikutaka kukuchosha.

Nimeirudia mara nyingi, Baba. Niambie kama ni sawa.

Binti yako,
Yelba


Alajuelita, San José, 9 Aprili 1999

Binti yangu Yelba,

Marahaba, na Mungu akubariki, akukuze, akupe mume asiyekunywa. Mimi sijambo. Vidole usivifikirie, vipo vyote, nimevihesabu. Bado anaandika Greivin kwa sababu bendeji haijatoka. (Salamu, Yelba. Ni mimi Greivin. Naandika kila anachosema, nikiwa na langu naliweka ndani ya mabano kama hivi.)

Mwambie Wilfredo kwamba nguruwe wake nitawakuta mezani Desemba. Mwambie pia ni (hapa ametukana, sikuandika).

Hesabu yako tumeipata. Nilimpa Greivin aipitie, maana kijana huyu ana kichwa, anasoma chuo cha ufundi asubuhi na mchana anakuja nami kazini. Amesema ni pungufu. Si pungufu kidogo, mama. Yanatakiwa matofali 1,575. Sasa fikiria ukuta ungefika mpaka wa nyuma ukaishiwa, nguruwe wakapita hapo hapo wakicheka. (Nilirudia mara mbili. Kila kozi 150, kozi kumi, pamoja na ya kuvunjika. Samahani.) Usihuzunike, shule hawafundishi haya. Nimeshapiga simu duka la vifaa hapo Nandaime, mwenye duka ananifahamu tangu utoto. Ataleta hayo 1,575 na saruji ya kutosha.

Ungemwona Greivin sasa anavyopanga. Ana mkono mwepesi. Kona ananipandishia yeye, na kona ndiyo ukuta. Jana msimamizi aliweka pima maji juu ya kazi yake, akatafuta kosa, akakosa, akaondoka kwa hasira. Nilicheka hadi mbavu zikauma.

Msalimie mama yako. Mwambie meno ninayo.

Baba yako,
Toribio


Nandaime, 25 Aprili 1999

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumba hiyo, pamoja na anayeandika. Sisi tu wazima. Mvua bado.

Niliposoma barua yako sikula. Mama aliuliza, "Nani kafa?" Nikamwambia hesabu yangu imekosewa. Akasema, "Na aliyeikosoa ameshawahi kumwona hata nguruwe mmoja wa Wilfredo?" Nikasema hapana. "Basi chukua kamba, tukapime."

Tulipima upya, mama mbele, mimi nyuma, nguruwe wakitutazama. Ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Nikakaa chini na hesabu ya Greivin ili nione alipita wapi, na sikuchukua muda kuona. Kila kozi 150. Tofali moja pamoja na udongo wake wa kuunganishia linakula sentimita arobaini. Mia na hamsini mara arobaini ni mita sitini. Mita, Baba! Mimi niliandika 60 v. Vara moja ni sentimita themanini na tatu na ushei, wewe ndiye uliyenifundisha, ukanipimia kwa fimbo kutoka bega lako. Vara sitini ni mita hamsini na kidogo. Matofali 258 yatabaki uani bila kazi.

Nasikia kwa Wakosta Rika vara ni jina la kila kitu: kijiko ni vara, shida ni vara, mchumba ni vara. Mwambie Greivin kwamba huku ni kipimo. Mwambie pia kwamba kichwa si kuandika mwandiko ulionyooka. Kasuku naye angeandika imla kama angekuwa na vidole.

Naomba umpigie simu mwenye duka kabla hajapakia. Na naomba, kwa heshima zote, uandike wewe mwenyewe kwamba nilikuwa sahihi. Hata mstari mmoja. Hata uliopinda.

Binti yako wa damu,
Yelba


Alajuelita, 3 Juni 1999

Yelba, mwanangu,

Mungu akubariki. Mimi mzima. Mvua huku haina adabu, tunajenga leo, kesho tunachota maji msingini. Nisamehe kwa kuchelewa.

Hesabu yako ilikuwa sahihi. Nimesema. Mwandishi, liandike kwa herufi kubwa. HESABU YAKO ILIKUWA SAHIHI. Lakini usimlaumu kijana. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemwambia mita sitini. Nimekaa huku miaka saba, mama. Hapa mtu akikuelekeza vara mia anamaanisha mita mia, na ulimi wangu umeshazoea. Alifuata nilichomwambia tu. Na mwenye duka sikumpata kwa simu, nadhani matofali mmeshayapokea. Yabaki hapo, hayaozi.

Desemba nakuja. Nimeshaomba ruhusa. Nitakuja na Greivin, ili kazi iende haraka. Wewe utakuwa na saidia fundi wako, unaona? Utakuwa bosi. Utapenda akili yake, mnafanana, wote wawili mnasoma mkitembea, siku moja mtagongwa na gari.

Baba yako

(Yelba, ni mimi. Yeye amesinzia kitini bila kuvua viatu. Nimeandika hayo ya juu kwa sababu aliniamuru, lakini si kweli. Hakuniambia mita. Alinipa karatasi yako tu, nikaona 60 v. na nikaweka mita bila kuuliza. Aliposikia barua yako alisema papo hapo, "Andika ni mimi." Nilikataa. Akasema, "Andika, mwanangu, mimi ananisamehe." Kosa ni langu. Greivin.)


Nandaime, 20 Juni 1999

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima.

Matofali yalifika yote, 1,575, kwa lori ambalo lilivunja mgomba wa mama. Yamejaa uani. Yale ya ziada tumeyapanga peke yake karibu na jiko, na majirani wameshayapa jina: Mlima Kosta Rika. Mama ameweka mto juu yake na ndipo anapokaa jioni akipokea wageni. Mzee Wilfredo alipita akauliza, "Socorro, mumeo ametuma kiti?" Mama akamjibu, "Wewe cheka. Ukuta ukiisha nguruwe wako watawaona kuku wangu kwa ngazi."

Mimi sikucheka. Nataka kukuuliza jambo, na nimeliandika mara nyingi nikalichana, kwa hiyo sasa naliandika bila kupamba.

Nilipokuwa na miaka minane nilidondosha pima maji lako likapasuka kioo. Ulimwambia kila aliyepita barabarani. Ulimwambia padri. Mpaka leo muuza barafu akiniona anasema, "Angalia mikono hiyo, mtoto." Hukusema kosa ni lako. Hukusema liliteleza. Greivin amekosa matofali 258, na wewe ukakimbia kusimama mbele yake kama mtu anayezuia mbwa. "Andika ni mimi." Na ukamwita mwanangu. Ameandika mwenyewe, sikubuni.

Sina chuki naye. Hiyo si kweli, ninayo. Analala nyumba moja nawe. Anakula nawe. Anajua unakohoaje asubuhi. Kona unampa yeye apandishe, mimi ulinipa ndoo. Sasa hata sauti yako inanijia ikiwa imepita kwake kwanza, naye anachagua tusi lipi niandikiwe na lipi nisiandikiwe.

Na bendeji hiyo, Baba, ni ya kitambaa gani isiyotoka tangu Januari? Mtu anayeweza kwenda kazini kila siku anaweza kushika penseli. Huniandikii kwa sababu hutaki.

Ukuta huu ulikuwa wetu sisi wawili. Desemba njoo peke yako. Ukija naye, utanikosa, nitakuwa kwa shangazi Granada, na huyo mwanao akushikie ndoo.

Binti yako pekee,
Yelba


Alajuelita, 12 Septemba 1999

Yelba,

Sijui nikuamkieje. Hapa hatuamkiani kwa adabu kama ninyi, tunasema "mambo shwari" tukapita. Natumaini wewe na mama yako hamjambo. Baba yako yuko salama. Hajui kwamba naandika.

Barua yako ya Juni nilimsomea mimi, kama zote, maana macho yake hayasomi tena herufi za karibu. Sidhani kama ulilifikiria hilo. Kila uliloandika juu yangu nililisoma kwa sauti yangu mwenyewe, mezani, mama yangu akiwa anapakua wali na maharage. Hata ile ya kabla yake. Pale pa kasuku nilisoma mara mbili kwa sababu hakusikia vizuri. Sikuruka kitu. Mama alisema, "Huyo msichana ana ulimi." Yeye akasema, "Ni wa mama yake," na ilikuwa wazi kwamba ni sifa.

Lakini uliposema haandiki kwa sababu hataki, alisukuma sahani, akatoka nje kwenye ngazi. Alinituma niandike jibu. Tumeanza majibu mengi tangu siku hiyo. Anasema mistari miwili, ananiambia futa. Ndiyo maana hujapata barua.

Bendeji ilitoka Februari, Yelba. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji tena na gumba halina nguvu. Kikombe anashika kwa kushoto. Penseli inamdondoka. Mwiko unamdondoka. Amenikataza nisikwambie, alisema, "Akijua sipangi tena, atauita nini ukuta huo?"

Kazini anasimama nyuma yangu. Yeye anaona, mimi napanga. Anasema "gonga," nagonga. Anasema "vua," navua tofali naanza upya. Anatazama kwa jicho tu, akasema limeinama, na nikiweka pima maji nakuta limeinama. Msimamizi anatuhesabu sisi wawili kama fundi mmoja. Ile kona aliyokusifia ilikuwa ya kwake, mkono tu ndio ulikuwa wangu. Anataka kuja nami Desemba si kwa sababu ananipenda kuliko wewe. Bila mimi hawezi kukusimamishia hata kozi ya kwanza, na anaona aibu kusimama mbele yako mikono mitupu.

Sasa nikwambie na langu. Nikipanga vibaya husema, "Yelba angeliona hili." Nikishindwa hesabu husema, "Yelba ana kichwa." Picha yako ya komunyo ya kwanza iko juu ya redio. Mimi baba yangu alikwenda Limón kununua nazi nikiwa na miaka minne, bado ananunua. Nilipoona hesabu yako ni pungufu, nilifurahi. Nilifurahi sana hata sikujisumbua kuuliza v. ni nini. Nilikimbia kumwonyesha.

Niandikie jibu unalotaka, nitalisoma lote.

Greivin


Nandaime, 3 Oktoba 1999

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba baraka yako. Greivin, soma polepole, usikohoe katikati.

Baba, najua kuhusu vidole. Usimfokee aliyeniambia. Ungeniambia wewe, nisingeandika yale. Au ningeyaandika kwa ukali mdogo zaidi, maana wivu bado ninao na sitaki kukudanganya. Nilipojua kwamba kona zile ni macho yako na mkono wake, nilimwonea wivu mpya juu ya ule wa zamani. Kumbe hata yeye hana anachopanga peke yake. Mnapanga pamoja.

Basi sikiliza nilichofanya. Nilichukua matofali ya Mlima Kosta Rika. Mama alilalamika kwamba nimemvunjia sebule. Nikachanganya mchanga na chokaa bila saruji, ili niweze kubomoa na kuyatumia tena. Mwiko wako wa zamani ulikuwa juu ya dari, una kutu lakini mpini ni mzima. Kila nikitoka shule napanga. Ukuta wa kwanza ulianguka kabla sijanawa mikono. Wa pili mama aliuzunguka akasema, "Huu una tumbo kama la padri." Wa tatu Mzee Wilfredo aliutazama juu ya uzio wake, hakusema kitu, na kwa yeye kukosa la kusema nilijua kwamba ulikuwa mbaya kupita maneno. Nikaubomoa mwenyewe.

Huu uliopo sasa umesimama tangu wiki iliyopita. Ni mfupi, kozi tano, na maungio yake bado manene mahali fulani. Lakini nguruwe mmoja alijikuna mgongo juu yake kwa raha zake zote na haukutikisika. Mikono yangu imechubuka. Kwenye somo la Kihispania mwalimu aliuliza kama nimepigana.

Kwa hiyo sikia ninachoomba. Mkono unaoutaka uko huku. Si mwepesi kama wa Greivin. Utanifanya niseme "samahani" mara nyingi na wewe utasema "vua" mara nyingi. Lakini ni mkono, na una vidole vitano vinavyokunja. Wewe simama nyuma yangu, uone. Mimi nipange.

Njoo peke yako.

Greivin, umesoma vizuri. Sina chuki nawe kama zamani. Lakini mwandiko wake umeuchukua wewe, na kazi yake mnafanya wewe na yeye, na ukuta huu sikupi.

Binti yako,
Yelba


Alajuelita, 5 Desemba 1999

Yelba,

Natumaini mnaendelea vizuri na matayarisho ya Purísima. Barua hii anayo yeye mwenyewe mfukoni, atakupa akishuka. Usimwulize nimeandika nini, hajui, nimemwambia ni hesabu ya saruji.

Barua yako nilimsomea yote, pamoja na mwisho. Akasema, "Kwa chokaa? Nani kamwambia atumie chokaa?" Nikasema hakuna, amewaza mwenyewe. Akaanza kutembea humu ndani. "Kozi tano kwa chokaa," anasema. Mama yangu anamwambia, "Toribio, kaa chini unanipigia vumbi," yeye anamwambia, "Marlene, kwa chokaa, na nguruwe amejikuna!" Mtaa mzima sasa unajua kuhusu nguruwe yule. Muuza mkate amemsikia mara tatu.

Nilijaribu bahati yangu. Nilimwambia ruhusa yangu ya chuo imeshatoka, naweza kwenda, hata nikae pembeni tu nichanganye udongo. Alikuwa anafunga begi kwa mkono wa kushoto na hakutaka nimsaidie zipu. Akasema, "Hapana, mwanangu. Huko nina fundi."

Alisema fundi, Yelba. Mwaka mzima napandisha kona zake, mbele ya msimamizi, mbele ya kila mtu, ananiita saidia.

Kesho asubuhi namsindikiza kituo cha basi. Kesho kutwa naingia kazini peke yangu. Msimamizi ataniuliza nusu nyingine iko wapi, na nitapanga bila mtu wa kuniambia vua. Nimemwekea dawa ya kikohozi mfuko wa kushoto. Hukohoa akiamka, mara nyingi, usishtuke, kisha anatulia akinywa kahawa. Wewe ulitaka kulijua hilo.

Ukuta wako ni wa kozi kumi. Nimeupiga hesabu upya, safari hii kwa vara. Ukifika kozi ya kumi, mrudishe. Usimwambie muongeze ya kumi na moja.

Mtoto wake wa huku,
Greivin